MX-5 nayo inahitaji namba sita

NAMBA sita mzuri hafungi mabao mengi, lakini akikosekana timu inapwaya. Kwenye Mazda MX-5, kazi hiyo inafanywa na chuma cha kukaza chesisi.

Gari hilo la viti viwili lilizinduliwa Chicago, Marekani, mwaka 1989. Kwa kuwa juu ni wazi, likikata kona kwa kasi bodi inajipinda kidogo, springi na shokapu zinashindwa kufanya kazi sawasawa.

Ndiyo maana wamiliki wengi wananunua chuma na kukifunga chini kwa bolti, kushika upande wa kushoto na wa kulia. Lakini hapo ndipo wengine wanapochemsha. Gari likipigwa jeki upande mmoja, bodi tayari imepinda. Ukikaza bolti muda huo, umeukaza na upinde wenyewe.

Fundi makini anaanza kuzishika bolti zote kwa mkono, gari linakaa kwa uzito wake kwenye matairi yote manne, ndipo anazikaza.

Na kama chesisi imeliwa na kutu, kwanza ichomelewe. Namba sita hawezi kuibeba timu isiyo na mabeki.