Vipindi vitatu chini ya miti

Saa nane mchana, jua la Februari likiwa limekaa juu ya bati, ofisi ya walimu haikaliki. Nilifundisha sekondari Dar es Salaam miaka tisa kabla ya kuhamia gazetini, na hali ile bado iko mwilini mwangu: umetoka kwenye dabo ya pili, yaani vipindi viwili mfululizo, chaki imejaa katika mikunjo ya vidole, sauti imekauka, unafungua mlango unakuta madaftari yamepangwa mezani hadi usoni mwa mwenzako. Dirisha letu lilitazama ukuta wa vyoo.

Nje palikuwa na mwembe. Walimu walibeba viti vya plastiki wakahamia huko, na mimi nikiwa mgeni kazini niliwafuata kwa sababu ya kivuli tu. Madamu wa Hisabati, aliyenizidi miaka ishirini, alikuwa anavua viatu, anaweka miguu juu ya mzizi, anapiga tiki kwa wino mwekundu. Kila baada ya madaftari matano sita aliinua uso, akatazama majani kwa muda, kisha akarudi kazini. Nilidhani anajumlisha alama kichwani. Siku moja nikamuuliza.

"Napumzisha macho, mdogo wangu," akanijibu. "Kule darasani kila jicho linanidai."

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa amesema kwa sentensi moja jambo ambalo wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Rachel na Stephen Kaplan, walilieleza katika kitabu kizima mwaka 1989. Kwa maelezo yao, binadamu ana namna mbili za kuwa makini. Ya kwanza ni ya kujilazimisha: unazuia mengine yote ili ushike moja. Hiyo huchoka kama msuli. Ya pili huja yenyewe pale kitu kinapokuvutia bila kukudai chochote, kama mawingu, maji yanayotiririka au majani yanayochezwa na upepo. Hiyo ya pili inapofanya kazi, ile ya kwanza hupata nafasi ya kupumua.

Sasa mtazame mwalimu. Mezani ana andalio la somo, mkononi chaki, jicho moja liko ubaoni na jingine kwa vijana wawili wanaonong'onezana nyuma. Uwiano unaotakiwa katika shule zetu za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kila mzazi anayepeleka mtoto shule ya serikali anajua madarasa yenye idadi maradufu ya hiyo. Tangu mwaka 2016, elimu ilipotolewa bila ada hadi kidato cha nne, watoto ambao wangebaki nyumbani wamepata dawati, nami nafurahia kila mmoja wao. Lakini macho yanayomdai mwalimu yameongezeka. Kengele ya mwisho ikilia hajamaliza, maana yako madaftari, iko zamu ya wiki, na liko kundi la WhatsApp la kazi ambalo halilali. Mwalimu huyo akimfokea mtoto asiye na kosa saa tisa alasiri, tunasema ana roho mbaya. Mara nyingi ule umakini wa kujilazimisha umemwishia tu, na hakuna mahali alipoupumzisha.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uchovu sugu wa kazi katika mwongozo wake wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, likiueleza kuwa si ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Naushikilia sana ufafanuzi huo. Kama tatizo linazaliwa kazini, kumwambia mwalimu akapumzike kwake ni kumtwisha yeye mzigo wa mwajiri.

Nilipokutana na utafiti wa Roger Ulrich nililikumbuka lile dirisha la ofisi yetu. Alipitia kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya mwaka 1972 na 1981. Nusu yao walilala vyumba vyenye dirisha lililotazama miti, nusu wakatazama ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984, na hadi leo tunajenga ofisi za walimu kana kwamba dirisha ni tundu la hewa tu.

Basi mtu anahitaji kiasi gani? Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2019 kutokana na majibu ya watu karibu 20,000 wa Uingereza, uliona kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha kuliko wasiokwenda kabisa. Haikujalisha kama walizimaliza siku moja au walizigawa. Kwa haki, utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya, kwani huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Lakini nilipoisoma ile namba nilifanya hesabu ya kiualimu. Kipindi kimoja ni dakika 40, kwa hiyo dakika 120 ni vipindi vitatu.

Jumamosi moja ya Juni nikawashawishi wenzangu wa zamani, tukatoka watu saba. Tulipanda daladala hadi Pugu, tukaenda kuingia msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe. Nilipachagua kwa sababu mbili. Ni karibu, kwa hiyo nauli haiumizi. Halafu pale Pugu ndipo Julius Nyerere alipofundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika shule ya Mtakatifu Francis, hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili ashike siasa moja kwa moja. Jina la Mwalimu tunalomwita lilitokana na darasa, na kwetu sisi saba kutembea kwenye vilima hivyo kulikuwa na uzito wake.

Msitu wenyewe umeumizwa. Mkaa wa jijini umekula sehemu kubwa, na unapita mahali unaona visiki na vichaka vinavyojaribu kurudi. Ni kipande cha misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo ina mimea na viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Kuna mapango ya zamani ya machimbo ya kaolini, udongo mweupe, ambako siku hizi wanakaa popo.

Nusu saa ya kwanza tulibeba shule kichwani. Tuliongelea madaraja yaliyocheleweshwa, mkopo wa kausha damu uliomnasa mwenzetu, na mtihani wa muhula. Kisha njia ikawa nyembamba, ikabidi tufuatane mmoja mmoja, na mazungumzo yakakatika yenyewe. Nyenje walikuwa wanalia mfululizo. Hondohondo akapita juu yetu, tukasikia mabawa yake kabla hatujamwona. Mwalimu wa Jiografia, ambaye amefundisha aina za misitu kwa miaka kumi na minne, alisimama akashika gome la mti kwa kiganja chote, akakaa hivyo kitambo. Hakutueleza kitu. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa mahali ambapo hakuna anayesubiri maelezo yake.

Madamu wa Hisabati alikuja na begi. Ndani mlikuwa na madaftari ya kidato cha tatu. "Nikipata nafasi nitapiga tiki mbili tatu," alisema tulipokuwa kwenye daladala. Tulipopumzika aliliweka begi chini, akaliegemezea kichwa, akalala usingizi mzito kabisa, mdomo wazi, mjusi akipita karibu na kandambili zake. Tulimwacha alale. Wengine tulimenya machungwa kimya kimya.

Najua jibu la baadhi ya wasomaji: mwalimu anadai malimbikizo, wewe unampeleka porini. Malimbikizo alipwe, tena yote. Msitu haulipi mkopo, na sisemi uchukue nafasi ya mshahara wala ya kuajiri walimu wa kutosha. Ninachosema ni kwamba akili inayofundisha watoto wetu inahitaji matunzo, na matunzo haya ni ya bei ndogo kiasi kwamba kuyakosa ni uzembe wetu.

Pia naomba tusiyageuze kuwa jukumu jipya. Safari ya wanafunzi mbugani si mapumziko ya mwalimu. Aliyewahi kuhesabu vichwa 60 kila baada ya dakika kumi kando ya mto anajua. Vilabu vya mazingira navyo vina thamani kubwa; Roots & Shoots ya Jane Goodall ilianzia hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12, ikaenea duniani. Lakini mwalimu mlezi wa klabu bado yuko kazini. Muda ninaoutetea ni ule ambao hakuna anayemwita, wala haujaziwi fomu.

Mwalimu wa taaluma anayepanga ratiba anaweza kuacha kipindi kimoja wazi baada ya dabo. Mkuu wa shule anaweza kufanyia kikao chini ya mti, na kukifanya kifupi. Wanaosimamia misitu yetu wangeweza kuwafungulia walimu geti bure Jumamosi moja kwa mwezi, na tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, ingeanzia huko. Na kamati za ujenzi, nawasihi: kabla hamjaita mwenye msumeno, chukueni kamba mpime upya. Mwembe wetu ulikatwa kupisha darasa ambalo lingeweza kusogezwa hatua kumi. Darasa lilihitajika na limejaa watoto, na walimu wamerudi kutazama ukuta wa vyoo.

Tulikwenda Pugu tena mwezi uliofuata. Nilipofika kituoni Madamu wa Hisabati alikuwa ameshawahi, ameketi kwenye benchi la muuza kahawa. Nikamwamkia, akaitikia, nami nikatazama kama kawaida yangu begi liko wapi. Mkononi alikuwa na chupa ya maji tu.