Ileveni plasi: mtoto akifaulu, amepata nini hasa?

Septemba ikiingia, maelfu ya watoto wa darasa la sita katika Kent, Buckinghamshire, Lincolnshire na sehemu nyingine kadhaa za England hufanya ileveni plasi, mtihani wa kuingia shule za grama, yaani sekondari za serikali zinazochagua watoto kwa uwezo. Wengi wao wana miaka kumi tu. Mtihani wenyewe hauchukui muda mrefu, majibu hutoka Oktoba, na tarehe 31 ya mwezi huohuo ndiyo siku ya mwisho ya kujaza fomu ya sekondari. Lakini katika nyumba zetu, sisi tuliohamia hapa kutoka Afrika Mashariki, ileveni plasi haianzi Septemba. Inaanza mwaka mmoja au miwili kabla, kwa tuisheni ya Jumamosi, kisha na ya Jumatano jioni, kisha likizo nzima ya Pasaka. Kwenye harusi na misiba wazazi huulizana jina la mwalimu mzuri wa tuisheni. Kama shule yenyewe inastahili kukimbiliwa hivyo, hilo huchukuliwa kuwa limeshajibiwa zamani.

Limejibiwa wapi? Nadhani lilijibiwa nyumbani, kabla hatujapanda ndege.

Mzazi aliyemaliza darasa la saba Tanzania katika miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa maana ya kuchaguliwa. Walioingia kidato cha kwanza katika shule za serikali hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Juu ya hao walikuwapo wachache zaidi, waliopelekwa shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, na Tabora alikosoma Nyerere. Aliyekosa alibaki kijijini, ila kama baba alikuwa na fedha za shule ya binafsi au mjomba mwenye kujuana na watu. Kenya, kazi hiyo ya kuchuja ilifanywa na mtihani wa KCPE kuanzia 1985 hadi 2023, na magazeti yakajaa picha za watoto walioitwa shule za Alliance na Mang'u. Burundi kulikuwa na mtihani wa konkuru wa darasa la sita. Mtu aliyelelewa na utaratibu wa namna hiyo haogopi shule ya pili kwa ubora. Anaogopa kukosa shule.

Hapa England mambo hayako hivyo. Mtoto aliyekosa grama anaanza sekondari nyingine Septemba ileile na mwenzake aliyefaulu, bila ada, anafanya mitihani ileile ya GCSE akiwa na miaka 16, na sheria inamtaka abaki katika masomo au mafunzo hadi atimize 18. Hata Tanzania yenyewe imebadilika. Shule za kata zilizoenea tangu katikati ya miaka ya 2000 zina upungufu wake, na tumeusema mno, lakini ziliondoa ule ukuta wa darasa la saba. Sisi tulioondoka mapema ndio tuliobaki na hofu ya zamani, na tunawafanyia watoto maamuzi kwa hofu hiyo.

Historia ya grama ni fupi kuisimulia. Chini ya sheria ya elimu ya 1944 watoto waligawanywa wakiwa na miaka 11: wachache grama, wengi shule za kawaida za kuwaandaa kwa kazi. Katikati ya miaka ya 1960 grama zilikuwa takriban 1,300. Mwaka 1965 waziri Anthony Crosland alitoa waraka wa kuzitaka halmashauri ziachane na mgawanyo huo, na nyingi zikaachana nao. Sheria ya 1998 ikakataza kufungua mpya. Waziri mkuu Theresa May alitaka kuiondoa marufuku hiyo mwaka 2016, akaiacha baada ya uchaguzi wa 2017 kumnyang'anya wingi wa wabunge. Leo zimebaki 163 England. Wales na Scotland hazina hata moja. Kent ina zaidi ya 30, Buckinghamshire 13, nyingine zimetawanyika Birmingham, Trafford, Reading, Slough na pembezoni mwa London.

Sasa tuje kwenye faida. Ugumu wa kuipima shule inayochagua ni kwamba matokeo yake ni matokeo ya watoto iliowachagua. Ukikusanya watoto waliokuwa wanaongoza kila shule ya msingi ya wilaya, ukawaweka jengo moja, watafaulu hata kama walimu wao ni wa kawaida tu. Ukisoma jedwali la GCSE ukaona grama juu, umejifunza jinsi mtihani wa mlangoni ulivyochuja. Kuhusu kilichotokea ndani ya darasa kwa miaka mitano bado hujajua kitu.

Kuna njia nzuri zaidi. Buckinghamshire alama ya kufaulu ni 121. Chukua mtoto aliyepata 121 na mwingine aliyepata 120. Hawa wawili hawana tofauti yoyote ya maana. Pengine mmoja alilala vizuri usiku ule. Lakini mmoja ataingia grama na mwingine hataingia. Ukiwafuata wote wawili hadi mwisho wa sekondari, ukafanya hivyo kwa maelfu ya watoto wa aina hiyo, tofauti utakayoikuta itakuwa imeletwa na shule.

Watafiti wamelifanya hilo Marekani kwa shule zinazosakwa kuliko zote: Stuyvesant na Bronx Science za New York, na Boston Latin School iliyoanzishwa 1635. Atila Abdulkadiroğlu, Joshua Angrist na Parag Pathak walichapisha matokeo yao mwaka 2014. Kwa watoto wa mpakani, kuingia shule hizo hakukuongeza alama zao za mitihani kwa kiasi cha kuonekana. Mwaka huohuo Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walitoa uchunguzi wa shule za kitaifa za Kenya, zile ambazo wazazi wetu walizifanyia sherehe ya mbuzi. Walitafuta mchango wake kwenye mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE. Hawakuona wa maana. Kwa England, Stephen Gorard na Nadia Siddiqui wa Chuo Kikuu cha Durham walionyesha mwaka 2018 kwamba ukizingatia uwezo wa watoto na hali za familia zao tangu mwanzo, grama hazifanyi vizuri kuliko shule nyingine.

Naona watetezi wa grama wakikunja uso, na wana haki ya kujibu. Damon Clark aliwachunguza watoto wa mashariki ya Yorkshire waliofanya mtihani enzi grama zilipokuwa bado zimeenea. Kwenye mitihani ya miaka 16 faida ilikuwa ndogo, lakini waliopita walichagua masomo magumu zaidi na walikwenda chuo kikuu kwa wingi zaidi. Baadaye, akiwa na Emilia Del Bono, aliwafuatilia watu waliozaliwa Aberdeen mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wanawake waliopata nafasi katika shule za kuchaguliwa walisoma miaka mingi zaidi na walipata kipato kikubwa zaidi ukubwani. Kwa wanaume, kipato hakikubadilika. Enzi hizo msichana asiyechaguliwa mara nyingi alifundishwa kushona na kupiga chapa badala ya fizikia. Inaelekea shule iliwafaa wale ambao upande wa pili wa mlango hapakuwa na kitu. Hapo tunarudi palepale pa Tabora.

Uchunguzi wa aina hii unamhusu mtoto wa mpakani tu. Kuhusu yule aliyepita kwa mbali hausemi mengi. Lakini fikirini ni mtoto gani anayepelekwa tuisheni miezi kumi na minane. Mwenye uwezo mkubwa wa mafumbo ya maneno na ya michoro huhitaji wiki chache za kuyazoea maswali, kwa vitabu vya mazoezi na mzazi mvumilivu. Anayebebwa kwa tuisheni hadi kuvuka mstari kwa pointi mbili ndiye huyohuyo wa mpakani. Kwa hiyo tunatumia fedha nyingi zaidi kwa mtoto ambaye ushahidi unaonyesha atafaidika kidogo tu.

Na mtoto huyo ana hatari nyingine. Shule ya msingi alikuwa wa pili darasani. Walimu walimjua, alisimamishwa mbele kwenye mkusanyiko wa asubuhi. Grama anakuwa wa 140 kati ya 150. Richard Murphy na Felix Weinhardt, kwa takwimu za wanafunzi wa England, walionyesha kwamba nafasi ya mtoto miongoni mwa wenzake shule ya msingi huathiri matokeo yake ya sekondari hata ukilinganisha watoto wenye alama zilezile, na wavulana huathirika zaidi. Mtoto hujipima kwa aliyekaa naye dawati moja. Jedwali la taifa yeye halijui. Wapo wanaochochewa na ushindani. Wapo wanaoamua wakiwa na miaka 12 kwamba hesabu si zao.

Isije ikaeleweka kwamba kuwatenganisha watoto kwa uwezo hakufai popote. Kenya imetupa ushahidi wa upande huo pia. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya jaribio katika shule 121 za msingi za magharibi ya nchi, ambako darasa la kwanza liligawanywa mawili. Pale walipogawanya kwa uwezo, waliokuwa juu waliendelea vizuri zaidi, na waliokuwa chini nao pia, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha watoto wa kiwango kimoja. Shule nyingi za England zisizochagua hufanya jambo linalofanana na hilo kwa kupanga watoto seti za hesabu na sayansi. Siku ya kutembelea shule, badala ya kuangalia vikombe vya ragbi vilivyo kwenye kabati, muulizeni mkuu wa hesabu seti zinaanza mwaka gani, mtoto hupandishwaje, na ni wangapi waliofanya hesabu za juu kidato cha sita mwaka uliopita.

Gharama nazo zitazamwe zote, zaidi ya bahasha ya mwalimu wa tuisheni. Kwa mtoto wa sekondari halmashauri hulazimika kulipia usafiri wa kwenda shule inayofaa iliyo karibu zaidi, ikiwa iko zaidi ya maili 3. Familia za kipato cha chini zina nafuu kidogo. Grama ya mji wa pili kwa kawaida si hiyo shule ya karibu, kwa hiyo nauli ni ya mzazi. Mtoto anaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anarudi saa kumi na moja na nusu jioni. Madrasa imekwisha, mazoezi ya kwaya yamekwisha, na Kiswahili alichokuwa akiongea na bibi yake jikoni kimepunguziwa saa zake.

Kuna jambo moja ambalo linatugharimu bila sababu, nalo ni aibu. Taasisi ya Education Policy Institute iliripoti mwaka 2016 kwamba wanafunzi wenye haki ya chakula cha bure walikuwa asilimia 2.5 tu katika grama, huku wastani wa sekondari za serikali ukiwa asilimia 13.2. Kwa kuona hilo, grama kadhaa sasa huwapa kipaumbele watoto wa familia za kipato cha chini. Zile za King Edward VI mjini Birmingham hata huwakubali kwa alama za chini kidogo. Ila mtoto lazima awe ameandikishwa kwa chakula cha bure katika miaka sita iliyopita. Kwa kuwa watoto wote hula bure hadi darasa la pili, wazazi wengi hawaoni haja ya kujaza fomu, na wengine hawataki kuonekana maskini. Jazeni fomu hiyo mtoto angali mdogo. Fedha za ziada huenda shuleni kwake hata kama hatafanya ileveni plasi.

Basi inafaa au haifai? Kwangu mimi jibu linategemea anwani. Kent, ambako karibu robo ya watoto huchukuliwa na grama, shule zinazobaki zimeshanyang'anywa wanafunzi wenye nguvu na mara nyingi walimu wa fizikia pia. Huko mzazi anayeamua kujaribu simlaumu, ingawa utaratibu wenyewe ndio uliomwekea uchaguzi mbaya. Kwa anayeishi Barking au East Ham, kumkimbizia mtoto grama ya Barnet, ambako maelfu hushindania nafasi zisizofika 200, naona ni kupoteza utoto wake. Shule za London zimepanda sana tangu miaka ya 2000. Brampton Manor ya East Ham haichagui kwa mtihani watoto wa miaka 11, na mwaka 2021 wanafunzi wake 55 walipewa nafasi za Oxford na Cambridge, wengi kuliko waliopewa Eton mwaka huo.

Wakosoaji watasema kidato cha tano na sita cha Brampton Manor kinachagua kwa alama, na ni kweli. Hilo linatusaidia. Mtoto wa miaka 16 ameshajulikana anapenda nini, Kiingereza chake kimekomaa hata kama alifika kutoka Bujumbura au Goma akiwa na miaka tisa, na anaweza kupanda basi peke yake. Grama nyingi nazo hupokea wanafunzi wapya katika kidato cha tano, wakiwamo waliokataliwa nazo miaka mitano kabla. Maombi hufunguliwa vuli ya mwaka wa mwisho wa GCSE, na kinachotazamwa ni alama za masomo anayotaka kuendelea nayo. Mafumbo ya michoro hayamo.