Nguva na Chunusi: Viumbe wa Bahari ya Pwani

Katika masimulizi ya bahari ya pwani ya Kenya, viumbe wawili hutajwa kuliko wengine: nguva na chunusi. Husimuliwa pamoja, ila asili zao ni mbalimbali. Nguva ni mnyama wa kweli aliyevishwa hadithi. Chunusi hana mnyama nyuma yake. Kilichomzaa ni hatari ya maji yenyewe.

Mazingira ya wote wawili yanaonekana Shelly Beach, ufuo ulio Likoni, kusini mwa mlango wa bahari unaoitenga Likoni na kisiwa cha Mombasa. Mwamba wa matumbawe hukinga ufuo dhidi ya mawimbi makubwa, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kina kifupi ambamo majani ya bahari huota. Maji yakijaa, watu huogelea; yakipwa, wavuvi wa miguu huingia kutafuta pweza. Nje ya mwamba bahari huwa kilindi ghafla.

Chunusi husimuliwa kuwa jini mbaya akaaye penye maji mengi: baharini, mtoni, hata kwenye madimbwi ya machimbo ya mawe. Humshika muogeleaji mguu, akamvuta chini na kumfyonza damu. Mtu anayejua kuogelea akizama mahali penye utulivu, pasipo kelele wala kutapatapa, wengi husema amechukuliwa na chunusi.

Mambo yanayotajwa kuwa dalili za chunusi yana sababu zinazojulikana. Maji yaliyojaa ndani ya mwamba hutafuta pa kutokea yanapoanza kupwa, nayo hukimbilia kwenye nafasi zilizo kati ya miamba. Mkondo huo humpeleka muogeleaji nje hata kama uso wa bahari umetulia, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huwa na nguvu zaidi. Anayezama naye kwa kawaida hapigi kelele: pumzi yote huishia katika kujaribu kuvuta hewa, na mikono husukuma maji badala ya kupunga. Kwa anayetazama kutoka ufuoni, mtu huyo alikuwepo, kisha hayupo. Damu au povu puani mwa aliyeopolewa hutokana na mapafu yaliyoumizwa na maji.

Kwa hiyo hadithi ya chunusi ni onyo lililopewa umbo. Mtoto asiyeelewa habari za mikondo huelewa habari za jini, akakaa mbali na kilindi. Jamii nyingine zimefanya vivyo hivyo. Wajapani husimulia kappa, kiumbe wa mtoni mwenye kimo cha mtoto anayewavuta waogeleaji na hata farasi. Kaskazini mwa Uingereza watoto walitishwa kwa Jenny Greenteeth, bibi kizee wa kwenye madimbwi yaliyofunikwa na majani. Kila anapohofiwa kiumbe wa namna hii, yapo maji ambayo kweli yameua watu.

Nguva amefuata njia nyingine. Ni mnyama anyonyeshaye, mwenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaoweza kufika kilo 400. Ngozi yake ni ya kijivu, mdomo mpana umeelekea chini, na mkia umegawanyika kama wa pomboo. Hula majani ya bahari na hupanda juu kila baada ya dakika chache kuvuta hewa. Jamaa zake wa nchi kavu ni tembo na pimbi. Jike huzaa mtoto mmoja baada ya miaka kadhaa, na chuchu zake ziko kifuani, karibu na kwapa. Chuchu hizo, pamoja na kichwa cha mviringo kinachochomoza majini, zimetajwa sana katika kueleza kwa nini mnyama huyu alifananishwa na mwanamke.

Masimulizi ya pwani yalimsogeza karibu na binadamu kuliko samaki yeyote. Inasimuliwa kuwa mvuvi aliyemnasa nguva jike alitakiwa aape kwamba hakumwingilia, ndipo nyama iuzwe. Nyama hiyo ilipendwa, na mafuta yake yalitumiwa kama dawa. Heshima ya hadithi haikumwokoa na kisu.

Kwingineko nguva na jamaa zake waliingia katika visa vilivyokuwepo kabla yao. Wasireni wa Wagiriki wa kale, walioimba hadi mabaharia wakaangamia, mwanzoni walikuwa nusu ndege. Umbo la samaki walilipata katika Zama za Kati za Ulaya. Mnamo Januari 1493 Christopher Columbus aliandika kwamba ameona viumbe watatu wa aina hiyo karibu na kisiwa cha Hispaniola, akaongeza kuwa hawakuwa wazuri kama walivyochorwa. Inaaminika aliona manati, jamaa wa nguva waishio upande wa Atlantiki. Mwaka 1811 mwanasayansi Mjerumani Johann Illiger aliliita kundi lote la wanyama hawa Sirenia, kwa jina la hao waimbaji wa Kigiriki.

Mashariki mwa Kongo na Katanga, mbali na bahari, yupo mamba muntu. Wachoraji wa Lubumbashi walimfanya maarufu kuanzia miaka ya 1960 na 1970: mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki, ambaye humtajirisha mwanamume kwa masharti mazito ya siri. Hakuna mnyama anayeelezwa hapa. Kinachoelezwa ni mali iliyopatikana ghafla, na gharama inayodhaniwa kulipwa.

Wakati visa vinaenea, mnyama mwenyewe amepungua. Mwaka 1967 kundi la nguva wapatao 500 liliripotiwa kusini mwa pwani ya Kenya. Katika miaka ya 1990 uchunguzi uliofanywa kwa ndege kando ya pwani hiyo uliona wachache wa kuhesabika. Jarife, nyavu za macho makubwa zinazotegewa papa na taa, humnasa nguva akashindwa kupanda kuvuta hewa. Majani anayoyala huharibiwa na nyavu za kukokota na matope yanayoletwa na mito. Kwa kuwa huzaa polepole, vifo vichache kwa mwaka vyatosha kulimaliza kundi dogo. Mwishoni mwa 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, likikadiria kuwa waliokomaa hawafiki 250. Wengi wao wako Bazaruto, Msumbiji.

Matokeo yake ni kwamba nguva anayejulikana na vijana wengi wa pwani leo ni yule wa filamu na vitabu vya picha: msichana mwembamba mwenye nywele ndefu, anayetokana na kisa alichochapisha Hans Christian Andersen nchini Denmark mwaka 1837. Yule wa kijivu, mla majani, aliyejulikana na wavuvi wa zamani, sasa hufahamika zaidi kwa kusimuliwa kuliko kwa kuonwa.