Muhogo mchungu: usiupunguzie siku zake majini

Mzazi, kama unaishi Manyovu, Kasulu au Kibondo, ugali wa muhogo unaujua tangu utotoni. Unajua pia kwamba muhogo mchungu hauliwi kama ulivyotoka shambani. Humenywa, hulowekwa hadi uchachuke na kulainika, huanikwa, ndipo husagwa. Leo tuzungumzie zile siku za kuloweka, kwa sababu ndizo za kwanza kupunguzwa nyumba inapoishiwa unga.

Ndani ya muhogo kuna kemikali inayoweza kugeuka sianidi, sumu kali. Mzizi unapolala majini, bakteria huulainisha, na kimeng'enya kilichomo humohumo huivunja kemikali hiyo. Sumu hutoka, nyingine ikaishia majini, nyingine hewani. Kuanika vipande vikubwa juani bila kuloweka hakuondoi sumu ya kutosha. Kusonga ugali nako hakusaidii sana, maana joto la sufuria huua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi.

Je, uloweke siku ngapi? Wengi watakuambia tatu. Penye joto zinaweza kutosha, lakini milimani kwetu maji ni ya baridi na uchachu huchelewa, hivyo siku nne au tano si ajabu. Mimi nakushauri usihesabu siku, bonyeza muhogo. Ulioiva hubonyea kwa vidole hadi katikati na nyuzi zake huchomoka kwa urahisi. Ukiwa mgumu ndani, urudishe majini. Ukitaka kuharakisha, bakiza vipande viwili vitatu vilivyolainika uvichanganye na mihogo mipya, vitakuwa chachu. Maji yaliyotumika yamwage mahali ambapo mbuzi na kuku hawatayanywa.

Haraka ina gharama. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, familia zilizokuwa na njaa zilifupisha maandalizi ya muhogo mchungu, na watu wakapooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Baadaye ugonjwa huo ulionekana pia Mtwara. Na Septemba 2017 huko Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafariki. Baadhi yao walikuwa wamekula ugali wa muhogo msibani.

Konzo huja ghafla. Mtoto aliyelala mzima huamka miguu yote miwili imekakamaa, anatembea kwa ncha za vidole au hasimami kabisa. Polio, kinyume chake, hulegeza mguu. Konzo huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa wanaokula muhogo kila siku bila kitoweo cha maana. Hauambukizi, na si kurogwa. Ulemavu wake hauponi, ingawa mazoezi na magongo humsaidia mgonjwa kutembea.

Kama umenunua unga sokoni na hujui muhogo wake ulilowekwa vipi, ipo njia rahisi. Changanya unga na maji hadi ulowane wote, utandaze juu ya sinia au mkeka safi, unene usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu ipae. Kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Unga uliolowa haulali.

Kisamvu nacho kina sumu hiyohiyo. Kitwange hadi kilainike kabisa, kisha kichemshe bila kufunika.

Mwili unaweza kuondoa sianidi kidogo, lakini unahitaji protini. Kwa hiyo dagaa na maharage kando ya ugali wa muhogo si anasa, hata yakiwa kijiko kimoja kwenye sahani ya mtoto. Mwili ukishaivunja sumu hubaki kitu kinachozuia tezi ya shingo kupata madini joto, na hapo rovu huweza kuota. Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto.

Mtu akila muhogo kisha ndani ya saa chache akatapika, akaumwa kichwa au tumbo, akapata kizunguzungu, akahema haraka au akalegea, usimpe maziwa ukisubiri kuona. Mpeleke kituo cha afya mara moja, awahishwe mtoto kwanza. Waulize wengine waliokula naye kama wako salama, na chukua unga uliobaki mkononi ukamwonyeshe mganga.