Kinanda cha Mdomo: Ni Kipaji au Ni Mazoezi?

Ndugu msomaji, yamkini katika ukoo wenu yumo mtu ambaye watu humtaja kwa fahari na kusema, "Huyu amezaliwa na muziki." Yamkini pia yumo mwingine, pengine nduguye wa tumbo moja, aliyejaribu chombo hichohicho kwa siku tatu, akaambiwa hana kipaji, akakiweka chini asikiguse tena. Maneno hayo mawili husemwa kwa wepesi mkubwa mbele ya watoto, nayo hilo la pili huweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote. Kwa hiyo yafaa tuyapime, na sijui chombo kifaacho kuyapimia kuliko kinanda cha mdomo, ambacho wengine hukiita hamonika.

Kwa kukitazama, ni kitu cha mchezo. Kile cha kawaida kina matundu 10 tu, na ndani yake mna vilimi 20 vya shaba, viwili kwa kila tundu: kimoja hulia unapopuliza, cha pili hulia unapovuta pumzi. Aliyezipanga sauti zake aliwaonea huruma wanaoanza, maana ukipuliza matundu matatu kwa pamoja, mahali popote, hutoka sauti zinazopatana. Mtoto wa miaka sita hupuliza mara ya kwanza na nyumba nzima ikapiga makofi. Hapo ndipo sisi wazazi tunapohadaika. Sifa tuliyompa mtoto ilimstahili fundi aliyekitengeneza chombo.

Wiki ya pili kazi huanza. Sasa atakiwa kutoa sauti moja peke yake, midomo ikiwa imebanwa kama ya mtu apigaye mbinja, pasipo tundu la jirani kuingilia. Baada ya hapo hukutana na jambo la ajabu. Akitaka kupanda ngazi ya do, re, mi kuanzia tundu la kwanza, atakuta fa haipo, na la pia haipo. Si kasoro ya kiwandani. Matundu ya chini yalipangwa hivyo ili yatoe mapatano mazuri ya kusindikizia nyimbo. Ngazi iliyo kamili huanza tundu la nne na kuishia la saba, na hapo ndipo mwanafunzi afaapo kuanzia.

Je, hizo sauti zilizokosekana hupatikanaje? Hupatikana kwa kuipinda sauti. Mpigaji huvuta pumzi katika tundu la pili au la tatu, huku akiurudisha ulimi nyuma na kubadili umbo la kinywa chake, mpaka sauti ishuke na kuangukia mahali pake. Tafadhali zingatia jambo moja hapa, msomaji: yote haya hutendeka gizani, ndani ya kinywa. Mwalimu wa ngoma aweza kuushika mkono wa mwanafunzi wake, na mwalimu wa gitaa humwonyesha vidole. Mwalimu wa kinanda cha mdomo hana cha kuonyesha. Hueleza tu, na mwanafunzi hupapasa. Mmoja huipata njia siku ya kwanza kwa kubahatisha, mwingine huitafuta wiki nyingi, pengine miezi, na siku moja, hali amekwisha kukata tamaa, sauti hupinda. Tangu hapo wote wawili wanayo. Lakini huko nyuma yule wa kwanza alikwisha kuitwa mwenye kipaji, na wa pili alikwisha kuambiwa aache kupiga kelele.

Wataalamu nao wamebishana sana. Mwaka 1993 K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi wa fidla mjini Berlin, wakaonyesha kuwa waliokuwa bora ndio waliokuwa wamelimbikiza saa nyingi zaidi za mazoezi tangu utotoni. Watu wengi wakadaka habari hiyo wakadhani kipaji si kitu. Mwaka 2014 ukatokea uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, nao ukaona kwamba katika muziki mazoezi yalieleza kiasi cha asilimia 21 tu ya tofauti zilizopo baina ya watu. Mwaka huohuo uchunguzi wa mapacha huko Sweden ulionyesha kwamba hata ule moyo wa kupenda kufanya mazoezi, kwa sehemu, mtu huurithi. Kwa maoni yangu, hilo la mwisho ndilo linalovunja ubishi wenyewe: bidii na kipaji si maadui wanaoviziana, bali hutoka katika mtungi mmoja.

Watazame wapigaji wenyewe. Larry Adler, aliyezaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1914, alipata umaarufu kwa kutegemea sikio lake, akaja kujifunza kusoma noti baadaye. Na mwaka 1951 mtunzi mkubwa wa Uingereza, Vaughan Williams, alimtungia muziki. Hapo kipaji kinadai ushindi. Lakini mtazame na Tommy Reilly, mzaliwa wa Kanada. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana akisoma fidla huko Leipzig, Ujerumani, akakamatwa na kuwekwa kizuizini miaka yote ya vita. Humo kambini alizidi kukishikilia kinanda cha mdomo, akajizoeza kukipiga kwa kumfuatisha Jascha Heifetz, bingwa wa fidla. Alitoka humo akiwa fundi kamili. Ni kweli alikwisha kuwa mwanamuziki kabla ya kuingia. Hata hivyo ni wangapi waliokuwa na sikio kama lake, nao wakaishinda miaka hiyo kwa kuzikodolea macho kuta?

Ukimnunulia mwanao chombo hiki, chagua chenye matundu 10, cha ufunguo wa C, kwa sababu mafunzo mengi ya mwanzo huandikwa kwa ufunguo huo. Dakika 15 kila siku zinatosha, na ni bora kuliko saa mbili za Jumapili zinazouchosha mdomo. Kila mtoto awe na chake, maana ni kitu cha kutiwa kinywani. Baada ya kupiga akikung'ute mate na kukiacha kikauke. Kwa miezi sita ya kwanza usimlinganishe na mtoto wa jirani. Na kama babu amelala na kelele zinamsumbua, usimnyang'anye: kinaingia mfukoni, naye aweza kwenda nacho chini ya mwembe.