Mji Usio na Mwenyewe

Sisi wa Kiwira ni wakulima. Je, uchafu wa mjini unatuhusu? Ndiyo, unatuhusu. Ndizi zetu huuzwa mjini. Soko likijaa matope, ndizi huoza na mkulima hupata hasara.

Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa njema: maendeleo yafike vijijini. Lakini mpango huo ulifuta halmashauri za wilaya na za miji. Kazi zao walipewa maofisa wa mkoa na wilaya. Mkazo ukawa vijijini.

Miji ikakosa mwangalizi. Barabara zilijaa mashimo. Mitaro iliziba. Takataka zilirundikana. Mwaka 1977 na 1978 kipindupindu kiliua watu. Ugonjwa huo hauchagui mtu wa mjini wala wa kijijini.

Serikali iliona kasoro hiyo. Mwaka 1978 ilianza kurudisha halmashauri za miji. Za wilaya zilirudi mwaka 1984.

Tumejifunza nini? Mji na kijiji hutegemeana. Kumlisha mtoto mmoja na kumnyima mwenzake si malezi.

Maswali
1. Mpango wa Madaraka Mikoani ulianzishwa mwaka gani?
2. Nani anasafisha mitaro ya soko letu? Tujadiliane.