Kuchua na Kukanda Mwili: Mkono Unapofaa na Unapodhuru

Katika mwalo wa Nkome, mkoani Geita, mvuvi wa dagaa hurejea alfajiri mabega yamekaza kwa kuvuta nyavu usiku kucha. Mchimbaji mdogo wa dhahabu naye hutoka shimoni kiuno kikiwa kimekakamaa. Wote wawili humtafuta mtu wa kuwachua misuli.

Kuchua kwa wepesi, kwa viganja vilivyopakwa mafuta, hupunguza wasiwasi na kuleta usingizi. Kuchua kwa kina hutumia vidole gumba au kiwiko kuifikia misuli ya ndani. Maumivu ya kawaida ya kiuno hupata nafuu, ingawa nafuu hiyo haidumu bila mazoezi. (Madai kwamba kuchua huondoa sumu mwilini hayana msingi, kazi hiyo ni ya ini na figo.) Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unautaja uchuaji miongoni mwa njia za kupunguza uchungu wa kuzaa. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto ni jambo jingine: maji yanayofuka mvuke huunguza ngozi, na kidonda cha upasuaji hakipaswi kukandwa kabisa.

Hatari kubwa zaidi hujificha ndani ya maumivu yanayodhaniwa kuwa uchovu. Vumbi la mawe yanayotobolewa na kusagwa kwenye makarasha lina silika, na silika huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu, ugonjwa ambao huweza kushambulia pia pingili za uti wa mgongo. Mgonjwa huchuliwa wiki baada ya wiki, huku mfupa ukiendelea kuliwa, hadi miguu inapoanza kufa ganzi. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda yahitaji kipimo, si mafuta. Vivyo hivyo mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu ya kigimbi, usichuliwe: huenda kuna donge la damu katika mshipa, nalo likisukumwa huweza kufika mapafuni na kuua.

Mhudumu wa afya amuulize kila mwenye maumivu ya mgongo kama amekwisha kuchuliwa, na kwa muda gani. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo.